Kasha la bendera, kutoka kwa fundi wa Bondeni: kazi safi, ahadi za uongo

Nianze na yale mtu anayotaka kuyajua kabla hajapoteza nauli. Karakana iko Bondeni, Mombasa, kwenye kichochoro kisicho mbali na Barabara ya Abdel Nasser. Haina bango. Alama yake ni mlango wa kale usio na nyumba, umeegemezwa ukutani, na chini yake hukaa mzee mmoja na kikombe chake cha kahawa tungu tangu alasiri hadi magharibi. Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo, kazi yake hasa ni kukarabati milango ya nakshi, na fremu ni za kando. Mimi nilimtaka kasha la pembetatu la mbao na kioo. Alinitoza Sh14,500, nusu kabla, nusu baada, kwa M-Pesa. Akaniahidi Alhamisi. Hakusema Alhamisi ya mwezi gani.

Kasha lenyewe ni la kuwekea bendera ya Marekani. Najua. Nilishayasikia yote kule barazani, kwa hivyo tusirudie.

Mwana wa dadangu alikwenda Minnesota kusoma, akaoa huko, akapata kadi ya kijani, kisha akajiandikisha katika jeshi la akiba. Hapa nyumbani hatukuelewa ni jeshi gani hilo. Alikuwa fundi wa magari siku zote za wiki. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi na Jumapili, avae magwanda, na wakati wa kiangazi aongeze majuma mawili ya mazoezi. Babake alimwita askari wa wikendi. Yeye mwenyewe hakuficha alichofuata: karo ya chuo, na uraia, maana tangu 2002 amri ya rais wao ilikuwa imewafupishia njia ya uraia wageni walio jeshini. Lakini akiba huwekwa ili itumike. Ilipofika zamu ya kikosi chao waliitwa wote, makanika na mwalimu na muuza bima, wakapelekwa Afghanistan kuendesha malori ya mizigo. Mwaka 2011 lori lake lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani. Alikuwa na miaka 29.

Sisi kwetu maiti huzikwa siku hiyo hiyo ikiwezekana. Wao askari aliyeuawa ng'ambo hupitishwa kwanza kambi ya Dover, jimbo la Delaware, apokewe kwa heshima zao, achunguzwe na madaktari wa jeshi, ndipo aende kwa wenyewe. Zile siku za kungoja zilimla dadangu, na hizo hizo ndizo zilizompa nafasi ya kuwahi, kwa kuwa viza alikuwa nayo tangu alipokwenda kumlea mjukuu. Kijana amezikwa makaburi ya taifa ya Fort Snelling, Minneapolis, na jiwe lake lina mwezi na nyota. Mkewe alikabidhiwa bendera, na mamake akakabidhiwa ya pili, kwa kuwa sheria yao inawakumbuka na wazazi.

Bendera hiyo iliishi Mombasa miaka ndani ya kasha lililonunuliwa huko huko. Kasha zuri kwa macho, lakini ndani ya ile rangi mlikuwa na unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na unga wa mbao na hewa yetu ya chumvi havikai nyumba moja. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipototesha ukuta wa sebule ya dadangu, kasha likavimba, kona zikaachana, kioo kikashuka. Bendera ilisalimika. Ndipo nikaanza kutafuta fundi.

Duka moja la fremu katikati ya mji, lenye kiyoyozi, lilinijibu kwamba wao hufanya pande nne tu. Bwana mmoja wa alumini akanichorea kitu chenye vioo vya kusukuma na akaniuliza kama nataka na kufuli. Mwengine alisema atatengeneza mraba, na pembe zinazobaki nitaweka maua. Nikaondoka kwa adabu.

Huyu wa Bondeni hakuniuliza bei ninayoiweza. Aliniuliza ni kitu gani. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaitazama, akacheka: “Kumbe sambusa!” Nilijiandaa kuudhika, lakini ndiyo, bendera ya mazishi hukunjwa sambusa hasa. Ni kitambaa cha pamba cha futi 5 kwa 9 na nusu, hukunjwa mara mbili kwa urefu, kisha hupinduliwa pembe kwa pembe, mikunjo 13, mpaka kibaki kifurushi kimoja cha buluu chenye nyota nyeupe, wekundu usionekane hata uzi. Msingi wake hufika kama sentimita 60 na kimo kama 30.

Sasa sikilizeni kwa nini wengine wanakataa kazi hii, maana fundi alinieleza kwa chaki juu ya meza na nikaona ana haki ya bei yake. Pembe ya juu ya kasha ni ya digrii 90, kila ubao unakatwa 45, na hiyo kila mtu wa fremu anaijua hata akiwa usingizini. Taabu iko kwenye pembe mbili za chini. Zile ni za digrii 45 zenyewe, kwa hivyo kila ubao ukatwe digrii 22 na nusu, mkato mrefu wa mshazari, ncha yake inabaki nyembamba ya kuvunjika kwa kucha. Misumeno mingi ya mashine haiinami kiasi hicho. Kile kibao cha mbao chenye mianya ya kuongozea msumeno nacho kina mwanya wa 45 na wa 90, basi. Yeye alichonga kwanza kabari ya kushikilia ubao, akajaribu kwa vipande vya msonobari, akakataa kugusa mbao yangu mpaka vile vya majaribio vilipokutana bila mwanga kupita katikati. Kipande kimoja nilikiona mimi kimekaa sawasawa. Alikitia kwenye moto wa kahawa.

Lakini sababu hasa ya mimi kuandika haya yote si pembe. Alisema hakati chochote kabla hajaiona nyumba.

Nilidhani ni ujanja wa kuongeza nauli. Alikuja na futi yake mfukoni, akapanda ngazi zetu nyembamba za Mji wa Kale, akavua viatu, akasimama katikati ya sebule. Hakupima. Aliuliza dirisha lipi linaingiza jua la asubuhi, ukuta gani ulitota, kusi ikivuma inaingilia wapi. Kisha akauliza wageni hukaa wapi. Dadangu alimwonyesha kochi.

“Na wewe, mama, hukaa wapi?”

Akamwonyesha kiti chake.

“Wataka waje wakitizame, au wataka uwe nacho tu?”

Hilo swali sikuwahi kumuuliza, na mimi ni ndugu yake. Dadangu alijishughulisha na upindo wa leso yake kwa muda. Halafu akasema, “Mwanangu, sitaki mtu anywe chai yangu huku akinihoji. Mwanangu alikuwa mzuri, vita si yake. Lakini nikitaka kumuona, nimuone.”

Fundi akaitikia “Naam, mama,” na hapo ndipo akatoa futi.

Niseme langu na mimi, maana haya ni maoni. Vita ile sikuipenda, na nilimwambia kijana hivyo kwa simu, akanijibu, “Mjomba, mimi ni dereva.” Kuna jirani aliyekuja kumpa pole dadangu na akamwacha na hotuba. Kuna na waliokuja wakaomba kupiga picha na bendera. Watu wa aina zote mbili ndio waliomfanya aifunike kwa leso wakati kasha la zamani lilipokuwa zima. Basi alichokitengeneza fundi ni hiki: mbele ya kioo kuna kifuniko cha mbao cha pembetatu, bawaba zake ziko chini. Kikifungwa, unaona kipande cha nakshi ukutani, asumini kidogo ukingoni, na mgeni hana la kuuliza zaidi ya “Umenunua wapi?” Kikifunguliwa, kinashuka na kusimama kama rafu, kikishikwa na minyororo miwili myembamba, na bendera iko nyuma ya kioo. Chini yake kuna droo. Ndani ya droo kuna nishani yake ya Purple Heart, ule moyo wa zambarau wenye kichwa cha George Washington, wanaopewa waliojeruhiwa au kuuawa na adui, na kofia yake ya viua aliyoiacha nyumbani alipoondoka. Usiku wa Ijumaa dadangu hukishusha kifuniko, huiweka kofia juu yake, akamsomea Yasin. Kisha hufunga.

Wazo la kifuniko halikuwa langu wala la dadangu. Lile swali moja ndilo lililolizaa, na kwa hilo peke yake ningelipa zaidi, ila msimwambie.

Mbao ni mvule. Nilitaka mbambakofi, kwa kujionyesha tu, akanikataza: alikuwa na kipande kimoja cha fremu ya mlango wa zamani na kilikuwa na mashimo ya misumari. Mvule aliouleta ulikuwa umekauka sawasawa, na aliupima kwa kuugonga na kuusikiliza, sijui alisikia nini. Ndani alitaka kutandika kitambaa ili pamba isigusane na mbao, maana mbao hutoa majimaji yake na nguo nyeupe ikilala juu yake miaka huwa manjano. Akaja na bafta. Dadangu alipoiona alirudi nyuma. Bafta ndiyo tunayoshonea sanda. Fundi hakubishana, aliikunja akaitia mfukoni, na mara iliyofuata akaja na kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, kilichofuliwa na kupigwa pasi. Ni mambo madogo, lakini kuna mafundi ambao wangesema kitambaa ni kitambaa.

Yule mzee wa kahawa naye ni sehemu ya huduma, mtake msitake. Aliposikia nimefuata nini, alinikalisha. Ami yake alikuwa mpiga mizinga katika vita vya pili. Mapema Februari 1944 walipakiwa Kilindini kwenye meli iitwayo Khedive Ismail, kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, na meli ikazama kwa dakika chache mno. Walikufa watu zaidi ya 1,200, askari wa Afrika Mashariki, mabaharia, wauguzi wanawake. Manowari za kusindikiza zilidondosha mabomu ya kuitafuta nyambizi hapo hapo walipokuwa wakielea walionusurika. Mzee anaieleza hadithi hii bila kupandisha sauti, na anaikatiza kila kahawa ikiisha. Nilifanya kazi Kilindini miaka yangu yote ya ukarani wa forodha na sikuwahi kuisikia hata siku moja pale bandarini.

“Nyanya yetu hakupata hata kijiti,” alisema. “Maji.”

Nilimwambia majina ya wapiga mizinga wale yamechongwa kwenye mnara wa East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong kule Nairobi, na kwamba Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti ya kutafutia jina, bure. Akaniambia anajua, mjukuu wake alimtafutia, na jina liko. Lakini Nairobi ni mbali kwa goti lake, na zile sanamu za askari zilizosimama hapa mjini tangu miaka ya 1920 hazina jina la mtu hata mmoja. Fundi alikuwa akipiga randa muda wote huo na hakutia neno. Nadhani ameisikia mara nyingi. Nadhani pia ndiyo maana hakuniuliza, kama wengine, kwa nini tunajisumbua na nguo ya watu.

Sasa lawama, maana haiwezi kuwa sifa tupu.

Ahadi zake ni za uongo. Ile Alhamisi ilipita, zikapita na dada zake. Ukipiga simu asubuhi haipatikani, ukipiga mchana anakuambia “Yuwaja kijana na mzigo,” na hakuna kijana. Siku moja nilikuta amefunga kabisa, amekwenda Lamu kwenye mlango wa mtu. Mlango wa mtu ni pesa kubwa kuliko kasha langu, naelewa, lakini mtu huaga.

Kioo cha kwanza kilikuwa chembamba na kina ukijani. Nilimrudishia, akabadilisha bila maneno. Bawaba za kwanza zilikuwa za chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na kabla hata sijalimaliza deni lake zilishaanza kutoa kutu, ndani ya nyumba. Kifuniko hicho chote kinaning'inia kwenye bawaba, kwa hivyo si jambo la urembo. Akaweka za shaba na akanitoza Sh600 juu, na hapo tulitazamana vizuri. Mtu anayefanya kazi Bondeni, hatua chache kutoka baharini, anajua chuma hakifai. Ile Sh600 ilikuwa yake kulipa.

Vanishi pia: alileta kasha harufu haijatoka. Msiitie bendera ndani ya kasha la namna hiyo. Sisi tuliliacha wazi chumbani, feni ikizunguka, mpaka pua ikanyamaza.

Ukimuona mwenzako ana haja ya kasha kama hili, na wapo, maana familia za pwani zenye watoto ng'ambo si chache na si wote wanaofanya kazi za ofisini, mwambie haya. Usimwachie fundi bendera. Mkatie kiolezo cha kartoni, na ukipime baada ya kuikunja bendera upya, usipime kabla. Yetu ililegea kasha la kwanza lilipoachana, ikabidi tuikunje, mimi na binti yangu, tukiangalia video, mmoja akivuta huku na mmoja huku. Wale vijana wa gwaride wanaikaza ikawa ngumu. Sisi tulitoka na kitu kinene zaidi, na kidogo wekundu ulichungulia pembeni tukaufunika. Kwa hivyo kina cha kasha kilitakiwa kiongezwe kama sentimita 2, na fundi alikuwa ameniuliza hilo mapema: “Nani atakunja?” Ukimjibu ovyo, kioo kitaibana.

Nyuma ya kasha alitoboa vitundu vidogo ili hewa ipite, akavifunika kwa wavu wa mbu. Ndani tumeweka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na dadangu huvibadilisha. Karafuu chache kwenye droo kwa ajili ya nondo. Lisitundikwe ukuta unaopigwa na jua, buluu hupauka. Na udi ufukizwe mbali nalo, moshi wake huacha mafuta kwenye kioo.

Jina alilichonga kwa ndani, ukingo wa chini, linaonekana kifuniko kikiwa wazi: la kijana na la babake, kwa hati ya kawaida. Aliuliza kama aongeze cheo. Dadangu alisema cheo wanacho wao.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameila mwenyewe kwa zile Alhamisi.

Nendeni baada ya alasiri, asubuhi yuko kwenye milango ya watu. Ijumaa hafungui mpaka watu watoke msikitini, na mara nyingine hafungui kabisa. Mkataeni akitaka pesa zote mbele, na bawaba za shaba muziandikishe kwenye karatasi siku ya kwanza, karatasi yenu wenyewe, kwa sababu kitabu cha risiti hana.